Hewa ya Chini ya Sakafu

Mwaka nilipopewa kazi ya kuzunguka na mtaalamu wa mionzi, nilikuwa nimetimiza miaka minane katika kazi ya afya wilayani Rungwe, na shughuli yangu kubwa ilikuwa vyoo. Nilikagua vyoo vya shule, vya vilabu vya pombe, vya kambi za wafanyakazi wa mashamba ya chai. Watu wakiniona nateremka kilima na buti zangu za mpira walijua nimekuja kuuliza shimo limechimbwa kina gani. Kwa hiyo nilipoitwa ofisini Tukuyu nikaambiwa kuna mgeni amekuja kupima hewa ndani ya nyumba za watu, na kwamba mimi ndiye nitakayemwongoza kwa sababu ni mzaliwa wa Suma na nimekulia katika Kinyakyusa, nilidhani ni hewa ya moshi wa jikoni.

"Si moshi," mtaalamu aliniambia. Alikuwa kijana mpole, mrefu, mwenye miwani iliyopata ukungu kila alipoingia ndani kutoka kwenye baridi yetu. "Hii haina rangi wala harufu. Inaitwa radoni. Inatoka ardhini, kwenye mawe. Nje upepo unaichukua, haina neno. Ikinaswa ndani ya nyumba, mtu akaivuta miaka na miaka, inaharibu mapafu. Inaweza kuleta saratani."

Nikamuuliza kwa nini wamekuja kwetu na si kwingine.

"Kwa sababu mmejenga juu ya volkano, dada." Akaniuliza kama kuna mahali ambapo wanyama hufa bila sababu. Nikamwambia ndiyo. Kila mtoto wa kwetu huonywa asishuke kwenye vibonde fulani asubuhi kukiwa kimya, maana ndege na vyura hukutwa wamekufa mle. Akaandika kwenye daftari lake. "Ile inayoua vyura ni hewa nyingine, nzito," akasema. "Lakini ikipanda kutoka chini huwa inabeba na radoni. Tunataka kujua inafika wapi."

Zilikuwa enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa. Maduka ya Bulyaga, pale Tukuyu mjini, ambayo nilipoanza kazi yalikuwa na rafu tupu na muuzaji aliyesinzia, sasa yalijaa saruji, vioo, bati za rangi na mbao za dari. Kila aliyepata chochote katika ndizi, chai au mitumba alijenga. Nyumba za mianzi na udongo tulizozaliwa ndani yake, ambazo upepo ulipita utakavyo, zikawa za kuonea aibu. Nyumba iliyosifiwa ni ile isiyoingiza hata ukungu. Na ukungu wa Rungwe anayeujua atawaelewa watu hao. Mimi mwenyewe nilikuwa nikiitamani nyumba kama hiyo.

Kazi yetu ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Tulikuwa na sanduku la vikombe vyeusi vya plastiki, vidogo, vyenye mifuniko ya matundu. Ndani ya kila kimoja kulikuwa na kibao chembamba cha plastiki chenye ukubwa wa ukucha. Kikombe hutundikwa ukutani, mbali na dirisha na mlango, kikaachwa miezi mitatu. Hewa ile ikiwepo, hukichoma kile kibao alama ambazo jicho halizioni. Maabara hukiosha kwa dawa, kisha huzihesabu kwa hadubini. Alama zikiwa nyingi, radoni ni nyingi. Zaidi ya vikombe, tulichota maji ya chemchemi, udongo wa mashambani, hata majani ya chai na ndizi, tukavifunga na kuviandika.

Neno lilitutangulia. Tulipofika Ibighi siku ya pili, mama mmoja alitusubiri mlangoni amekunja mikono. "Mkishayapata hayo madini," akauliza, "sisi tutahamishiwa wapi?" Siku zile kila wiki ulisikia habari za mwekezaji aliyeonekana mahali fulani na ramani. Nilimwambia hatutafuti madini. Mtaalamu, kwa nia njema, akawasha kipima mionzi chake cha mkononi ili mama ajionee hakuna kilichofichwa. Kile chombo kikaanza kutoa mlio wa tik, tik, tik, kama kinavyofanya popote kinapowashwa. Mama akamtazama mwenzake wa jirani. "Si hayo yanaitika," akasema.

Tangu siku hiyo chombo kile kilikaa ndani ya begi, na maneno nikayasema mimi. Nilisema sana. Nilikaa kwenye vigoda, nikala ndizi za kupika nilizopewa, nikauliza habari za wagonjwa na za waliofiwa, ndipo nikakitoa kikombe. Wengi walikubali, si kwa sababu ya radoni, bali kwa sababu walimjua mama yangu.

Suma nilianzia kwa baba mkubwa.

Baba mkubwa alikuwa kaka yake marehemu baba. Ujanani alikwenda migodi ya dhahabu Afrika Kusini, kama wengi wa rika lake, akarudi na baiskeli, koti zito la sufu na kikohozi ambacho hakikumwacha tena. Alikuwa mtu wa ubishi. Akikuuliza jambo, aliuliza kama anayekukagua mifuko. Mwanawe wa kwanza, niliyemzidi miaka miwili, aliuza mitumba Mbeya, na mwaka uliopita alikuwa amewajengea wazazi wake nyumba iliyokuwa gumzo la kata: kilima kimekatwa kwa jembe hadi ukuta wa nyuma umeegemea udongo, msingi wa mawe, matofali ya kuchoma, sakafu ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu, dari, madirisha ya vioo. Baba mkubwa alikuwa ameyapigilia madirisha misumari, yote, kwa sababu ya baridi na kifua chake. Mama mkubwa alishinda katika nyumba ya zamani ya mianzi iliyogeuzwa jiko, akaingia nyumba mpya kulala tu.

"Ugonile, baba," nilimsalimu.

"Ugonile, mwanangu. Nasikia unatembea na vikombe." Akakichukua kimoja, akakigeuza, akakinusa. "Hiki kinakula nini?"

"Hakili kitu. Kinangoja tu."

"Kikishangoja?"

"Kitatuambia hewa ya humu ikoje."

"Hewa ya humu naijua, ni yangu na mama yako. Nje ndiko kwenye baridi." Lakini alijisogeza, akanionyesha ukuta wa chumba cha kulala, pale kichwani pa kitanda. "Weka hapo. Nikiwa macho usiku nitakiona kama kinafanya kazi."

Miezi mitatu baadaye nilivikusanya. Vingine havikupatikana. Mke wa mchungaji mmoja alikuwa amekiosha cha kwake kwa sabuni kila Jumamosi pamoja na vyombo. Kwingine nilikuta kikombe kinatumika kuwekea chumvi, na mwenye nyumba akaona uchungu kukirudisha. Cha baba mkubwa kilikuwa palepale, hakina hata vumbi. Nikavifunga vyote, vikasafiri kwa basi, nami nikarudi kwenye vyoo vyangu.

Majibu yalikuja kwa barua, mvua kubwa zikiwa zimeanza. Nilifungua bahasha nikiwa nimesimama. Nyumba nyingi hazikuwa na tatizo: za mianzi zote salama, za mjini nyingi salama. Chache zilikuwa juu ya kiwango ambacho mtaalamu alisema kisizidishwe, na nyingi kati ya hizo zilikuwa nyumba mpya zilizoegemea kilima. Ya juu kupita zote ilikuwa na namba niliyoiandika kwa mkono wangu. Kilikuwa kikombe cha kichwani pa kitanda cha baba mkubwa.

Mtaalamu alikuwa ameongeza karatasi kwa mwandiko wake. Watu waelezwe bila kutishwa. Wafungue madirisha, wazibe nyufa za sakafu, waweke njia ya hewa chini ya nyumba. Mwisho aliandika kwamba ananiamini kwa sababu najua namna ya kusema na watu.

Nilikosea mwanzoni kabisa mwa kusema na watu.

Mkutano ulifanyika kwenye darasa la shule ya msingi Suma. Wazee walikuwa wengi, na Kiswahili changu cha ofisini kilikuwa kinawapita, kwa hiyo nikahamia Kinyakyusa. Nilipofika kwenye radoni nikakwama. Hatuna neno. Nikatafuta haraka kitu cha karibu, nikasema kuna mbepo inayopanda kutoka chini na kuingia ndani ya nyumba mpya zilizochimbwa kwenye kilima, inamwingia mtu kifuani na kumuumiza polepole.

Mbepo ni upepo, ni baridi, ni pumzi. Nilikuwa na maana hiyo. Lakini kwa wazee wetu mbepo ni kitu kingine pia. Mtu akiwakosea wenzake, wakamnung'unikia kimoyomoyo, manung'uniko yale humwendea kama pumzi ya baridi, akaugua yeye au mtoto wake. Nililijua hilo tangu utotoni. Siku ile, nikiwa na karatasi za maabara mkononi, sikulikumbuka mpaka nilipoona darasa zima limenyamaza.

Sikutaja jina la mtu yeyote. Haikuhitajika. Katika kijiji kile nyumba zilizokatwa kilimani zilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na mwenye nyumba kubwa kuliko zote alikuwa amekaa mstari wa mbele, anakohoa. Macho yote yakamgeukia. Baba mkubwa akasimama, akavaa kofia yake, akatoka bila kuniangalia. Nikajaribu kueleza upya, nikasema nilimaanisha hewa tu, hewa ya mawe. Maneno yakazidi kujichanganya. Mzee mmoja aliyekuwa karibu na mlango akaniambia kwa upole, "Mwanangu, umekwisha kusema."

Wiki ile yote nililala vibaya. Siku ya nne mwana wa baba mkubwa alifika ofisini Tukuyu moja kwa moja kutoka Mbeya, viatu vimejaa tope, hakukubali kiti.

"Dada, nimekukosea nini?" akauliza. "Miaka mitano nabeba marobota nijenge nyumba ile. Leo unasimama mbele ya watu unasema majirani wanamnung'unikia baba yangu mpaka anaumwa?"

"Sikusema hivyo."

"Mama amekwisha kuanza kutafuta ng'ombe wa kuchinja ili apatane na watu. Baba hali chakula. Anasema amefedheheshwa na mtoto wa mdogo wake. Na wewe una karatasi zako."

Nilimwambia ukweli, kwamba neno lilikuwa kosa langu, ila kipimo si kosa. Nyumba ile ina hewa mbaya kuliko zote tulizopima na baba yake analala ndani yake akiwa na kifua kibovu tayari. Nilimwambia nitalirekebisha neno, lakini kipimo sitakifuta.

"Basi unataka nibomoe," akasema, akaondoka.

Mkuu wangu wa kazi alikuwa amesikia yote kutoka chumba cha pili. Hakuwa mtu mbaya. Aliniambia niache mambo yapoe, mtaalamu amekwisha kupata namba zake, nasi kipindupindu kinatutosha. "Watu hawafi kwa radoni wiki hii," akasema. Nikamjibu kwamba hata kwa vyoo vibovu watu hawafi ndani ya wiki, na bado miaka minane ananituma kuvikagua. Akacheka. Nikaomba ruhusa ya kwenda Suma kila Ijumaa mpaka jambo liishe, akanipa, nadhani kwa kuwa hakutaka kunisikiliza zaidi.

Niliamua kuanza na waliokuwa darasani. Nilikwenda nyumba kwa nyumba, na katika kila nyumba nilisema maneno yaleyale: nilitumia neno baya, neno ni langu, baba mkubwa hahusiki. Nilikoma kutafsiri. Nilisema radoni, jina la kigeni kama redio, na nikaeleza inafanya nini. Wazee wakaiita ladoni. Nikaona heri ladoni isiyo na maana kuliko mbepo yenye maana mbili.

Katika kuzunguka huko nikagundua jambo ambalo sikulitegemea. Manung'uniko yalikuwepo kweli. Kile kilima kilipokatwa, udongo ulimwagwa kwenye njia ya akina mama ya kwenda chemchemi, na tangu hapo walizunguka mbali na ndoo kichwani. Hakuna aliyekuwa amemwambia baba mkubwa, kwa kuogopa ubishi wake, na kwa kuona kwamba mtu mwenye nyumba ya vioo hataki kusikia. Waliponung'unika, wakamwona anakohoa zaidi, wakaogopa nafsi zao. Mkutano wangu ukawathibitishia kwamba ndio waliomuumiza.

Mama mkubwa alichinja. Hakuwa ng'ombe, alikuwa mbuzi, na nilikwenda. Majirani walikaa uani, na mmoja baada ya mwingine wakasema yaliyokuwa moyoni. Njia, udongo, mbwa mkali ambaye mwanawe alimleta kulinda nyumba. Baba mkubwa alibishana kidogo juu ya mbwa, kisha akasema njia itafunguliwa. Watu wakala. Mimi nilikaa na wanawake jikoni nikimenya ndizi, na hakuna aliyenisemesha sana. Sahani ya nyama ilipofika kwangu ilikuwa na kipande kizuri. Nikaelewa nimesamehewa nusu.

Nusu nyingine ilikuwa baba mkubwa. Ijumaa mbili alinipokea mlangoni, akaniacha nimesimama pale. Ijumaa ya tatu mvua ilikuwa inamwagika, akaniruhusu kuingia. Chumba kilinuka dawa ya kuchua na unyevu. Akakaa kitandani.

"Sasa tumepatana na watu," akasema. "Hewa yako imeondoka?"

"Haijaondoka, baba. Haikutoka kwa watu. Inatoka chini hapa."

"Nionyeshe."

"Haionekani."

"Kule Joni," akasema, yaani Johannesburg, "nilikaa chini ya ardhi miaka tisa. Hewa mbaya ilikuwepo, na ilikuwa haionekani. Lakini tulijua inapita wapi. Kulikuwa na mafeni makubwa kama mlango huu. Feni likisimama, tunatolewa wote. Msimamizi alikuwa anawasha kitu chenye moshi, anaangalia moshi unakwenda upande gani. Mtu anayesema kuna hewa halafu hajui inapitia wapi, huyo hajui kitu."

Mtaalamu alikuwa amenieleza mengi kuhusu mawe na alama za kwenye plastiki, lakini hilo hakunieleza. Nikamuuliza kama tunaweza kufanya hivyo pale pale.

Ndiyo mara ya kwanza niliona macho yake yakichangamka tangu mkutano ule. Alimwita mama mkubwa alete gunzi la mahindi linalofuka moshi. Akapiga magoti, kwa shida, akikohoa, akasogeza kitanda. Kwenye kona, pale sakafu nyekundu inapokutana na ukuta ulioegemea kilima, kulikuwa na ufa mwembamba ambao hata kisu kisingeingia. Akatuamuru tufunge mlango na tusisogee. Akalishika gunzi karibu na ufa.

Moshi ulikuwa unapanda wima. Ulipofika juu ya ule ufa ukapinda, ukasukumwa kuelekea katikati ya chumba, kama mtu anaupuliza kutoka chini. Akaliondoa gunzi, ukapanda wima tena. Akalirudisha, ukapinda.

Mama mkubwa akaweka mkono mdomoni. Baba mkubwa akafuata ufa wote kwa magoti, ukuta hadi ukuta, akionyesha kwa kidole kila mahali moshi ulipopinda, kisha akakaa sakafuni akihema.

"Chumba kina joto, kinavuta," akasema. "Tumelala juu ya shimo la mgodi lisilo na feni."

Nilimwambia moshi hauonyeshi radoni yenyewe, unaonyesha hewa ya chini inapita wapi. Radoni inasafiri nayo. Akanipungia mkono ninyamaze. Alikuwa amekwisha kuelewa vizuri kuliko nilivyoelewa mimi.

Kesho yake aliwaita majirani, walewale waliokula mbuzi, akawaonyesha. Niliambiwa baadaye kwamba alilirudia jambo lile mara nne, mpaka magunzi yakaisha, na kila mtu alipewa zamu ya kushika. Kijiji ambacho hakikuielewa karatasi yangu kiliuelewa moshi wake. Ijumaa iliyofuata watu watatu wenye nyumba mpya walinisubiri barabarani waniulize wafanye nini.

Tulifanya tulichoweza. Nilimwandikia mtaalamu, naye akanitumia mchoro: shimo dogo chini ya sakafu lililojazwa kokoto, bomba kutoka humo kupanda hadi juu ya paa, na nyufa zote kuzibwa kwa saruji. Bomba hatukuwa nalo. Baba mkubwa akakata mwanzi mnene kutoka shamba lake, akauingizia chuma cha moto kutoboa vifundo vyote ndani, na fundi akautia kwenye sakafu, akaupitisha kwenye dari. Kwenye bati akasita, akasema mwenye nyumba yuko Mbeya na bati ni la kwake. Baba mkubwa akamwambia atoboe, mwenye kulala chini ya bati hilo ni yeye. Halafu, kwa mikono yake mwenyewe, akang'oa misumari ya madirisha.

Mwanawe alikuja mwisho wa mwezi. Nilikuwa pale nikitundika vikombe vipya. Akautazama mwanzi uliochomoza kwenye paa lake, maji ya mvua yakichuruzika kuuzunguka. Nikajiandaa kwa maneno. Aliingia, akatoka, akazunguka nyumba mara moja, akaenda zake. Wiki mbili baadaye alirudi na bomba refu la plastiki limefungwa juu ya basi, na lami ya kuzibia bati.

"Mwanzi utaoza," akaniambia. "Dada, mngeniambia tangu mwanzo kwamba ni bomba tu."

"Nilijaribu."

"Ulisema mbepo."

"Nilisema mbepo," nikakubali. Akacheka, nikacheka, na baba mkubwa akauliza ndani tunacheka nini.

Majibu ya vikombe vya pili yalichukua miezi mingi, nami nilipiga simu ya ofisi mpaka karani wa simu akanizoea sauti. Yalipokuja, hewa ya chumba cha baba mkubwa ilikuwa imeshuka chini ya kiwango. Si kwa nyumba zote. Katika moja, mwenye nyumba alikuwa ameziba bomba kwa matambara wakati wa baridi, na kikombe kilisema hivyo bila kumficha. Nilirudi kwake. Nilirudi mara tatu.

Baba mkubwa alifariki miaka miwili baada ya bomba lile. Kilikuwa kifua. Daktari alisema ni vumbi la mgodi la tangu zamani, na sina sababu ya kusema vinginevyo. Watu huniuliza, basi ile kazi yote ilimsaidia nini. Jibu langu ni kwamba sijui. Najua kwamba miaka yake miwili ya mwisho alilala dirisha likiwa wazi kiganja kimoja, blanketi mbili juu yake, na kwamba katika chumba kile sasa wanalala wajukuu zake watatu, ambao wana miaka mingi ya kuvuta hewa mbele yao. Kazi ya afya nyingi ni ya namna hiyo. Hukutani na mtu uliyemwokoa, kwa sababu naye hajui kwamba aliokolewa, anaendelea tu na shughuli zake.

Nilipomaliza na Suma nilirudi mjini na jambo jingine kichwani. Kuzibua nyumba iliyokwisha kujengwa ni kazi; afadhali zijengwe zikiwa na matundu ya hewa tangu msingi. Nikaanza kukagua misingi kama nilivyokagua mashimo ya vyoo, ingawa hakuna sheria iliyonituma. Niliomba tu. Mafundi wengi walinivumilia. Mmoja wa Ibighi, mzee mkali aliyekuwa anajenga nyumba ya walimu, alinikatalia wiki nzima.

"Nikiacha matundu kwenye msingi, panya wataingia," akasema, mwiko wake umesimama hewani. "Nani atalaumiwa? Wewe au mimi?"

Nilimuuliza kama ningemletea wavu wa chuma wenye macho madogo angeyaacha. Akafikiri, akasema wavu uwe mgumu, si huu laini wa kuku. Nikamwambia asipandishe tofali jingine mpaka nirudi, nikavaa kofia ya mvua, nikateremka Bulyaga kuutafuta.